Mwanangu sasa anaogopa hata karai la kuogea

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume, ametimiza miezi 9 na nusu. Nina miaka 26, naishi Mtwara mjini, Shangani, pamoja na mume wangu na mama yake mzazi. Mume anafanya kazi bandarini, kazi ya zamu, kwa hiyo mengi ya nyumbani tunayamaliza mimi na mama mkwe. Au niseme hatuyamalizi, ndiyo maana nakuandikia.

La kwanza ni la maji. Mtoto alipofikisha miezi 7 niliona kwenye simu video za vitoto vya Ulaya vinatiwa bwawani, vinageuka chali vyenyewe, vinaelea. Nikavutiwa. Mume akavutiwa zaidi, maana yeye ni mtu wa Msanga Mkuu, kakulia majini. Mimi natoka Masasi. Bahari niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa kidato cha pili, na mpaka leo sijui kuogelea. Maji yakinifika magotini narudi.

Tukapata mwalimu anayefundisha watoto kwenye bwawa la hoteli moja hapa mjini, kila Jumamosi asubuhi, shilingi 15,000 kwa nusu saa. Mara nne za mwanzo zilikuwa raha tupu. Nilisimama karibu na ngazi, maji ya kiunoni, nikajikaza, namshika mtoto chini ya makwapa, namzungusha, tunaimba. Anayapiga maji kwa viganja mpaka watu wanaokunywa chai wanageuka. Siku ya kwanza nilimvalisha pampasi ya kawaida, ikanyonya maji ikavimba kama mto wa kulalia. Tulicheka sana.

Mara ya tano mwalimu akasema sasa ni wakati wa kuzama. Akamchukua mikononi mwangu, akampuliza usoni, akamzamisha. Akahesabu moja, mbili, tatu, akamtoa. Mtoto amekodoa macho, halii. "Unaona?" Akamzamisha tena. Mara ya tatu alitoka anakohoa, akatapika maji na maziwa begani kwa mwalimu, ndipo akalia, kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake. Mwalimu akasema wote huanza hivyo, tukirudia atazoea, na akishazoea hata akitumbukia kisimani atageuka chali aelee mpaka mtu amkute. Nilimchukua mwanangu nikaondoka. Nusu saa ilikuwa haijaisha.

Hizo ni wiki tatu sasa. Akisikia maji yanamiminwa kwenye karai anakakamaa miguu, ananing'ang'ania shingo. Namfuta kwa kitambaa kama mgonjwa. Mume anataka nimrudishe, eti nikimwacha sasa atakuwa mwoga wa maji maisha. Yeye baba yake alimtupa kutoka kwenye mtumbwi ana miaka minne, na hakufa. Mama mkwe anasema mtoto wa pwani hafundishwi maji, hayo ya bwawani nimeyatoa kwenye simu.

La pili ni chakula. Nilianza kumpa uji alipotimiza miezi 6. Baada ya mwezi hivi akawa anafunga mdomo na kunyang'anya kijiko, na kliniki nesi akaniambia naweza kumpa vyakula laini ashike mwenyewe. Basi namketisha kwenye mkeka barazani, mbele yake sinia: boga, viazi vitamu, muhogo uliochemshwa ukalainika, ndizi, siku nyingine samaki. Anakula kweli, Shangazi. Mwanzoni alikuwa anashika boga kwa ngumi, kinachotokeza juu anakitafuna kwa fizi, kilichobaki ndani ya ngumi hajui kukitoa, anaikodolea ngumi kama imemwibia. Siku hizi anadonoa punje kwa vidole viwili.

Lakini nusu ya chakula inaishia kwenye nywele, mkekani na kwa kuku. Mama mkwe hawezi kuvumilia, kwake kuchezea chakula ni kufuru. Mtoto akishika kwa mkono wa kushoto anamkamata kifundo na kumpokonya. Nikiwa jikoni anamlaza magotini, anakinga kiganja mdomoni mwa mtoto, anamimina uji kiganjani, na mtoto akifungua mdomo kulia uji unaingia. Kikombe kikiisha anamfuta na kuniambia, "Huyo sasa amekula."

Juzi nilimpa embe bivu. Kipande kikateleza, mtoto akatoa ulimi, akakohoa, machozi yakamtoka, na kabla hajakitema mwenyewe mama mkwe alishaingiza kidole kooni. Mate yakatoka na damu kidogo. Maneno yaliyofuata sitaki kuyaandika. Mume aliporudi akasema: "Bwawani mwoga, kwenye chakula huogopi kitu. Tukuelewe vipi?"

Swali hilo limenikaa, maana sikuwa na jibu. Nimrudishe bwawani? Na chakula nimwachie mama mkwe? Sitaki kugombana na watu kwa mambo ya kwenye simu.

Mama wa Shangani, Mtwara

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Nianze na swali la mumeo, maana ni zuri kuliko mwenyewe alivyodhani. Mkekani mtoto anashika mwenyewe, anatia mdomoni mwenyewe, kisipompendeza anatema mwenyewe. Bwawani siku ile pumzi yake ilikuwa mikononi mwa mtu anayehesabu mpaka tatu. Tofauti uliiona, maneno tu ndiyo yalikupotea. Na ukitazama vizuri, kinachofanana na kule kuzamishwa si embe. Ni uji wa kiganja. Mtoto kalazwa, analia, mdomo uko wazi kwa sababu ya kilio, na kitu cha majimaji kinaingia. Mwambie mumeo hivyo, ila si mbele ya mama yake.

Kwa mwalimu huyo usirudi. Kule kutolia mara mbili za kwanza kusikudanganye. Mtoto mchanga maji yakimfunika uso koo hujifunga lenyewe na pumzi husimama kidogo. Ni maumbile, wala si somo alilolielewa, na baada ya miezi 6 hivi huanza kufifia. Hata koo likijifunga hivyo, halimzuii kumeza maji. Mtoto mdogo akimeza maji mengi chumvi ya mwilini hushuka, akalegea, akatapika, hata degedege likamshika. Wako wiki tatu zimepita na mzima, kwa hiyo lala. Lakini mama mwingine anayesoma hapa ajue: mtoto aliyetoka majini akaendelea kukohoa, akahema kwa shida au akalala usingizi usio wake, ni hospitali siku hiyohiyo.

Na ile ahadi ya kisimani imeniudhi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani zamani kilisema masomo ya kuogelea yasubiri mpaka miaka 4. Siku hizi kinakubali kwamba kuanzia mwaka 1 yanaweza kupunguza hatari ya kufa maji. Kwa aliye chini ya mwaka hakikuona ushahidi kwamba yanamkinga. Mtoto wa miezi 9 anakwenda bwawani kucheza na mama yake, basi. Ni raha nzuri, na mara zako nne za kwanza ndivyo zilivyokuwa. Ukipata mwalimu wa namna ile ile ya mwanzo, asiyezamisha, rudi kwa furaha. Anayekuuzia usalama anakuuzia kitu ambacho hana.

Mumeo alitupwa akiwa na miaka minne, si miezi tisa, na aliyemtupa alikuwa juu ya mtumbwi anamtazama, mtu anayejua kupiga mbizi. Mimi nimekulia Kitunda, ng'ambo ya Lindi mjini, nasi tulifundishwa vivyo hivyo. Tunaosimulia ni sisi tuliotoka.

Turudi kwenye karai, kazi iko hapo. Anachokiogopa, kwa ulivyoandika, ni mlio wa kumiminwa. Basi lijaze mbali naye, maji ya vidole viwili, vuguvugu, ndipo umlete uani alikute liko tayari. Usimwingize. Keti naye pembeni, mpe kikombe cha plastiki, achote, amwage, akulowanishe wewe gauni. Akitaka kutia mguu, sawa. Asipotaka, mwaga maji, kesho mtarudia. Wengine huchukua siku tatu, wengine wiki mbili, na kitambaa hakijamuua mtu kwa wiki mbili. Usije ukamtumbukiza kwa ghafla ukidhani unakata mzizi wa woga, utaupalilia.

Akishaketi karaini mwenyewe na kupiga maji, mpeleke ufukweni. Huna haja ya bwawa. Maji yakipwa huacha vidimbwi vya kina cha kifundo, kagua chini kwanza kama kuna miba au vioo, kisha keti naye humo asubuhi jua halijawa kali. Sasa hivi ni kaskazi, bahari ina joto. Kusi ikiingia acheni kwa muda, maana kitoto hupoteza joto upesi mno. Kwa wadogo hivi hupendekezwa maji ya nyuzi joto 32 hivi. Dakika 10 mpaka 20 zinatosha. Midomo ikibadilika rangi au akitetemeka, toka naye.

Ila la maji lililonitia hofu katika barua yako halimo bwawani. Mtoto wa umri huo anajivuta kusimama kwa kushika chochote, na katika nyumba zetu kitu cha kwanza cha kimo chake ni ndoo. Kichwa chake ni kizito kwa mwili wake. Akiinama kuangalia ndani anatumbukia, na ndoo ya lita 20 yenye maji haipinduki ikamwokoa. Maji ya inchi 2 yanatosha. Tumezoea kusema mfa maji haishi kutapatapa. Mtoto mdogo hatapatapi. Hapigi kelele, harushi mikono, anazama kimya na wewe uko hatua tano unakuna nazi. Shirika la Afya Duniani limekadiria watu 300,000 waliokufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao ni watoto walio chini ya miaka 5. Kwa hiyo karai limwagwe mtoto akiwa bado mkononi mwako, ndoo na pipa vifunikwe kwa mfuniko ambao yeye hauwezi, kisima kama kipo kifungwe. Na popote penye maji, bwawani, baharini au uani, awe mahali ambapo mkono wako unamfikia bila kupiga hatua. Maboya ya kupuliza ya mikononi ni ya kuchezea tu.

Halafu kuna wewe. Maji ya magotini yanakurudisha, lakini kila Jumamosi ulisimama kiunoni umebeba mtoto. Kama kuna mtu ndani ya nyumba hiyo anayehitaji masomo ni wewe, na mwalimu mnaye, hata senti hamlipi. Mumeo ana cha kufundisha, amekosea mwanafunzi tu. Siku akiwa hana zamu mwache mtoto kwa bibi yake, mwende wawili, maji ya kifuani, akuwekee mkono chini ya mgongo ujifunze kuelea chali. Hilo ndilo la kwanza, mengine yatafuata. Vaa khanga zako mbili, hakuna atakayekushangaa.

Chakula sasa. Hapa uko sahihi, lakini si kwa yote.

Nesi alikuambia kweli. Kuanzia miezi 6 mtoto huongezewa chakula huku akinyonya mpaka miaka 2 na zaidi, na kufikia miezi 8 wengi huweza kushika na kula wenyewe. Anayecheleweshewa vyakula vyenye vipande mpaka akapita miezi 10 anaweza kuwa mgumu wa kula baadaye. Hofu ya mavyaa yako kwamba atakabwa si ya kijinga, ila kuna utafiti wa New Zealand uliotoka mwaka 2016, watoto 206: wanaojilisha hawakukabwa zaidi ya wanaolishwa kijiko, kwa sharti kwamba wazazi walielekezwa vyakula gani ni hatari.

Na Kiswahili kimeshatugawia mambo hayo mawili. Kuna kupaliwa na kuna kukabwa. Aliyepaliwa anakohoa, anatoa ulimi, machozi yanamtoka, ana sauti. Koo lake linafanya kazi, mwache, mtazame tu. Mtoto wa embe alikuwa amepaliwa. Aliyekabwa hana sauti. Kikohozi hakitoki, kilio hakitoki, midomo na ulimi vinageuka rangi. Huyo usingoje. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kiwe chini kuliko kiuno, umshike taya, mpige mara 5 kwa sehemu ngumu ya kiganja katikati ya mabega. Hakijatoka, mgeuze chali, bonyeza kwa vidole viwili katikati ya kifua, chini kidogo ya usawa wa chuchu, mara 5. Rudia huku mtu anatafuta usafiri wa hospitali. Kidole kooni hapana, kinasukuma kitu ndani zaidi na kuchubua, kama ulivyoona ile damu. Unatoa tu kile unachokiona kwa macho. Mwombe nesi akuonyeshe kwa vitendo, na mwende wote wawili, wewe na bibi. Akiambiwa na nesi ni tofauti na kuambiwa na mke wa mwanawe.

Embe kwa vipande ni utelezi. Mpe kokwa zima lililobakia nyama, alishike kwa mikono miwili alikwangue. Samaki umchambue kwa vidole vyako, macho hayatoshi kwa miiba. Awe ameketi wima, si kuegemea, na mtu awe mbele yake mpaka amalize.

Ulipokosea ni kwenye sinia lenyewe. Nimelisoma mara mbili: boga, viazi, muhogo, ndizi. Yote matamu, yote laini, na samaki "siku nyingine". Mtoto akipita miezi 6 akiba ya madini ya chuma aliyotoka nayo tumboni inakuwa imepungua, na maziwa yako peke yake hayaijazi. Anataka maini ya kuku, dagaa waliosagwa, yai, maharage yaliyopondwa, kila siku kimojawapo, na tunda pembeni kama hilo embe, linasaidia chuma kuingia mwilini. Chai ya rangi inazuia, kwa hiyo kile kipande cha mkate kilichochovywa chaini, ambacho nina hakika bibi anampa, kikome. Asali pia isubiri atimize mwaka. Chumvi acha.

Na uji usiutupe kwa sababu unakukumbusha kiganja. Uji mzito wa ulezi wenye dagaa au karanga zilizosagwa ni chakula kizuri, na ndio mahali pa kumrudisha mama mkwe mkekani. Chukueni vijiko viwili. Kimoja ashike mtoto, apake atakapopaka. Kingine bibi, ajaze, asogeze, angoje mdomo ufunguke kwa hiari. Ukifunguka anatia, akigeuza uso imeisha. Mara 3 au 4 kwa siku kwa umri wake. Kama amekula au hajala, litakalowaambia ni kadi ya kliniki, sinia halisemi kitu: mstari wa uzito ukipanda vizuri, bibi apewe kadi aishike mwenyewe auangalie.

Kufuru ipungue kwa kumwekea vipande viwili tu kwa wakati mmoja, vikiisha unaongeza. Wanavyokula kuku si israfu, mtakula mayai. Mkono wa kushoto usimgombeze. Mkono mtoto huuchagua taratibu, mpaka miaka 2 au 3, sasa anatumia wowote ulio karibu. Bibi akitaka, amwekee chakula upande wa kulia. Amtie kipande mkono wa kulia, amwambie bismillahi. Hilo ni somo lake, mwachie, nawe usiguse.

Kitu kimoja hukukitaja, na nyumba ya Mtwara isiyo nacho msimu huu siijui. Korosho. Iliyosagwa laini ndani ya uji, ruksa, anza na kidogo asubuhi umtazame kama atatoka vipele au kuvimba midomo. Nzima au nusu, hapana mpaka atimize miaka 5, hata akililia, hata mgeni akimpa kwa mapenzi. Anadonoa kwa vidole viwili siku hizi, umesema mwenyewe. Ile sahani ya sebuleni ipandishe juu ya kabati leo.

Shangazi